Kupima bomba kwa presha: geji inasema habari za pale ilipo tu. Tuongee hesabu ya mlima na bonde

FundiMtaro (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki hii nimeletewa karatasi ya kupimia bomba la kilomita 7 (yaani kulijaza maji na kulipandisha presha kuliko ya kazi, tuone kama litahimili), na sehemu ya presha imeandikwa mstari mmoja: "bar 12". Bar 12 ya wapi? Kileleni? Bondeni? Kwenye tangi? Hakuna. Karatasi ya namna hiyo niliwahi kuifanyia kazi mwaka 2011 nikiwa fundi mdogo, na niliyoyaona siku ile ndiyo yanayonifanya niandike leo.

Lilikuwa bomba la maji ya mserereko, yale yanayoteremka yenyewe kutoka kwenye chanzo, plastiki ya PN10, yaani ya kufanya kazi hadi bar 10. Pampu ya kupimia tuliiweka kwenye chemba ya juu, mita 22 chini ya chanzo, kwa sababu hapo ndipo gari lilipoweza kufika. Kutoka kwenye ile chemba bomba linateremka bonde refu, mita 74 kwenda chini, halafu linapanda ng'ambo. Mkandarasi alisema bar 12, tukapampu hadi bar 12. Mshale wa geji ukatulia. Tukapeana mikono.

Dakika chache baadaye mshale ukaanguka wote. Hatukusikia kitu kule juu. Baadaye kijana mmoja akapanda mbio kutoka bondeni, anahema, hawezi hata kusema, anaonyesha kwa mkono tu. Nikashuka naye. Valvu ya kuoshea bomba, ile inayowekwa chini kabisa ya bonde, ilikuwa imepasuka shingoni. Kipande cha chuma cha ukubwa wa kiganja kiliruka kikachimba ukuta wa mtaro. Kwenye mwili wa valvu yale maandishi ya kiwandani bado yanasomeka vizuri: PN10. Mtaro ulikuwa mtupu kwa sababu vijana walikuwa wamepanda kula. Hicho tu ndicho kilichowaokoa.

Sasa hesabu, na ni hesabu ya darasani kabisa. Mita 10.2 za maji yaliyosimama ni bar 1. Kwa hiyo kila mita moja unayoshuka unaongeza bar 0.098. Mita 74 ni bar 7.3. Geji yetu ilisoma 12, bondeni ilikuwa 19.3. Kitu cha PN10 kinapimwa mwisho mara 1.5, yaani bar 15. Tulikipiga 19.3 huku tunapeana mikono.

Tungefanyaje? Tungeanza chini. Mradi ukifungwa valvu zote, maji yamesimama, bondeni kuna mita 96 za maji kutoka kwenye chanzo, yaani bar 9.4. Mara 1.5 ni 14.1. Hicho ndicho kiwango cha chini tunachotakiwa kufikia bondeni, na 15 ndiyo dari. Toa 7.3 ya mteremko, unapata kwamba geji ya juu ilitakiwa isome kati ya 6.9 na 7.7. Basi. Dirisha la bar 0.8, sisi tuliweka 12.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu wa mabomba ya mafuta mje pia, huko hesabu ni ileile ila makosa yake ni mazito zaidi.

Kijana_wa_Pampu

Shikamoo mkuu. Uzi umekuja wakati wake. Nina bomba la kusukuma maji, chuma inchi 6, kutoka nyumba ya pampu (mwinuko mita 1,212) hadi tangi (mita 1,338). Pampu ikifanya kazi presha pale mwanzoni ni bar 16. Mhandisi mshauri anataka mara 1.5. Geji niiweke wapi na niandike namba gani?

FundiMtaro

Marahaba mdogo wangu. Tofauti yako ni mita 126, hiyo ni bar 12.4. Ukitaka bar 24 pale kwenye pampu na geji ukaiweka kwenye tangi, isome 11.6. Ukiwa na geji mbili, weka zote mbili.

Ila kabla hujaandika chochote nijibu hili: kati ya pampu na tangi kuna mahali bomba linashuka chini kuliko pampu, au linapanda juu kuliko tangi? Michoro mingi inakupa mwanzo na mwisho. Bomba linapita kwenye ardhi, halipiti kwenye mwanzo na mwisho.

Kijana_wa_Pampu

Kusema kweli sijui. Profaili niliyopewa, yaani mchoro wa mwinuko wa njia ya bomba, ina nukta kila mita 500.

Sevea_Mzoefu

Nukta kila mita 500 haitoshi hata kidogo. Korongo lenye upana wa mita 60 linakaa katikati ya nukta zako mbili na mchoro unaonyesha tambarare. Tembea njia yote. Chukua mwinuko pale ardhi inapovunjika: ukingo wa korongo, sakafu ya korongo, mgongo wa kilima, pande zote za barabara.

Mambo mengine mawili. Kwanza, usichanganye vipimo. Kipimo cha satelaiti hakihesabu mwinuko kutoka usawa wa bahari kama ramani inavyohesabu, na kwa ukanda wetu tofauti inaweza kuwa mita nyingi. Kama nukta zote umezichukua kwa chombo kimoja na mfumo mmoja huna shida, maana unachohitaji ni tofauti kati ya nukta na nukta. Shida inakuja pale tangi limesomwa kutoka kwenye mchoro wa zamani, halafu bonde limesomwa kwa simu. Mita 10 za kosa ni bar 1 nzima.

Pili, wewe unapima ardhi, lakini presha iko ndani ya bomba. Pale bomba lilipozikwa mita 1.5 tofauti ni ndogo, acha. Ila pale lilipopitishwa chini ya mto kwa kuchoronga, linaweza kuwa mita 15 chini ya ukingo, hiyo ni bar 1.5. Mto mara nyingi ndio sehemu ya chini kuliko zote, na ndio sehemu ngumu kuliko zote kurudi kutengeneza.

Kontrakta_wa_Kanda

Mimi nina maoni tofauti kidogo. Sisi pampu ya kupimia tunaiweka chini kabisa kila siku. Tunapandisha presha hadi kiwango cha mkataba, tunakaa saa zilizoandikwa, hakuna kilichopasuka miaka yote. Ukiweka geji sehemu ya chini huwezi kuzidisha popote. Kwa nini tujisumbue na mahesabu yote haya?

FundiMtaro

Mkuu, nakuheshimu, na kwa upande wa kupasua uko sahihi kabisa: geji ikiwa chini hutapasua. Ila hilo ndilo linaloniogopesha kuliko lile la 2011.

Lile la kwangu lilipiga kelele. Valvu ilipasuka, kila mtu akajua, tukabadilisha, maisha yakaendelea. Kosa la upande wa pili halina sauti. Ukipima chini na namba ya mkataba, kileleni kinapata pungufu, na bomba la kileleni halipasuki kwa sababu hujalipima. Chati ya presha inatoka imenyooka, inapigwa muhuri, inawekwa kwenye faili. Kuanzia siku ile kila mtu anaamini kilele kimepimwa. Fundi aliyechomelea kiungo cha juu kule kwenye upepo, jua likizama, kiungo chake hakuna aliyewahi kukijaribu. Kinakaa miaka.

Kwa maji ya mserereko au bomba la kusukuma, mara nyingi unaponea, kwa sababu juu kule presha ya kazi nayo ni ndogo. Kwa bomba la mafuta lenye presha kubwa urefu wote, huponei. Naomba injinia yeyote wa mafuta aliyeko humu atuwekee mfano wa namba.

Injinia_Mstaafu

Habari za humu, wanangu. Nimefanya kazi ya mabomba ya mafuta maisha yangu yote na swali hili ndilo nililokuwa nikimuuliza kila kijana mpya siku ya kwanza.

Tuchukue bomba la inchi 20 (milimita 508), unene milimita 9.5, chuma cha daraja X60. Chuma hicho kinaanza kuvutika bila kurudi kikibeba megapaskali 414 (megapaskali 1 ni bar 10). Ukizidisha 414 kwa unene mara mbili, ukagawa kwa kipenyo, unapata presha inayolifikisha hapo: bar 155 hivi. Wengi tunaweka dari kwenye asilimia 90 ya hiyo, bar 139. Hiyo ni dari ya sehemu ya chini.

Sasa sakafu. Tuseme presha ya juu ya kazi ni bar 100. Kanuni za Marekani za mabomba ya vimiminika hatari, sehemu ya 195, zinataka asilimia 125 kwa saa 4 mfululizo, na kama bomba halionekani kwa macho, yaani limefukiwa, saa 4 nyingine kwa asilimia 110. Sakafu yetu ni bar 125, na sakafu hiyo ni ya sehemu ya juu.

Kati ya 125 na 139 kuna bar 14 na kidogo. Gawa kwa 0.098: mita 147. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kabisa ya mwinuko unayoweza kuipima kwa kipande kimoja kwa bomba hilo. Ukiwa na kilima cha mita 230, huwezi. Hakuna ujanja wa geji utakaokuokoa. Unakata vipande viwili, kila kimoja na presha yake, au unatafuta njia nyingine.

Kaka mkandarasi, chukua kilima cha mita 210 ukipime kwa kipande kimoja, geji iko chini inasoma 139. Kileleni umepeleka 139 kutoa 20.6, yaani bar 118. Ulitakiwa 125. Bomba hilo kwa haki linastahili kufanya kazi kwa bar 94 tu, lakini cheti kinasema 100.

Kuna jambo wengi hawalioni mpaka waliandike. Bomba likisanifiwa hadi mwisho wa ruhusa, yaani presha ya kazi ikifika asilimia 72 ya ile 155, ukizidisha kwa 1.25 unapata asilimia 90 kamili. Sakafu na dari zinagusana. Dirisha lako ni mita sifuri. Hapo ama mhandisi anaruhusu dari ya asilimia 95 au 100 kwa uangalizi mkali, ama mabonde yanawekewa bomba nene zaidi. Kwa bomba letu la bar 100, unene wa milimita 11.1 bondeni unapandisha dari hadi bar 163. Ila angalia: dari ikipanda bondeni, haijapanda pale bomba jembamba linapoanzia. Kagua tena kila mahali unene unapobadilika, kwenye nukta ya chini kabisa ya ule wembamba.

Kanuni hizohizo zinataka profaili ya mwinuko iwekwe kwenye kumbukumbu kila tofauti inapozidi mita 30. Mita 30, si 300. Waliotunga walijua bar 3 zinapotelea wapi.

Bint_Changamwe

Asante sana mzee, umenikumbusha mafunzo. Kwa wale wa huku Kenya, fikirieni bomba la Mombasa hadi Nairobi, kilomita 450, la inchi 20. Linaanzia usawa wa bahari, linamalizikia zaidi ya mita 1,600 juu. Mafuta ya dizeli ni mepesi kuliko maji, kila mita ni bar 0.082 hivi. Hata hivyo mita 1,600 za dizeli iliyosimama ni bar 131. Hapo pampu bado haijasukuma kitu, ni uzito wa dizeli yenyewe. Lijaze maji ya kupimia, unapata bar 157. Ndiyo maana bomba la namna hiyo lina vituo vya pampu njiani, na ndiyo maana hakuna anayelipima kwa mkupuo mmoja.

Halafu mjue tofauti ya maji na dizeli ina maana yake. Ukipima kwa maji, bondeni linabeba zaidi ya litakavyobeba likiwa na mafuta. Kwa usalama wa bonde ni vizuri, ila kwa dari ni lazima uhesabu kwa maji, usihesabu kwa dizeli. Na maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko ya mto. Mita 147 alizosema mzee, ukitumia ya bahari unaongeza kama bar 0.36.

Na joto, tafadhali. Bomba la chuma la ukubwa ule likijaa maji na kufungwa, nyuzi 1 tu ya joto inasogeza presha karibu bar 3. Nimeona watu wanatafuta uvujaji usiku kucha kumbe maji yalikuwa yanapoa ardhini. Acheni maji yalale ndani kwanza hadi yalingane na udongo.

Mtanga_Halisi

Sisi wa Tanga tunalitazama lile bomba la mafuta ghafi linalotoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani. Kilomita 1,443, inchi 24. Nilikuwa najiuliza kwa nini pamoja na vituo 6 vya pampu wamepanga na vituo 2 vya kupunguza presha. Kumbe ni haya haya? Unasukuma upate kuvuka nyanda za juu, halafu ukianza kushuka kuja baharini presha inakuwa nyingi?

Injinia_Mstaafu

Ndiyo mwanangu, umeelewa. Mteremko mrefu unajijengea presha wenyewe, hasa mafuta yakisimama. Usipoikata njiani, inabidi ununue chuma kinene hadi pwani.

Maji_Mserereko

Jamani msisahau hewa. Mwinuko na hewa ni ndugu.

Kuna mradi tulijaza maji, chanzo kiko mita 40 juu ya tangi, na maji yakagoma kufika. Watu wakaanza kusema bomba limeziba, wengine wakasema limeibiwa kati. Bomba lilikuwa na vilima vitatu. Maji yakivuka kilele yanachuruzika chini kama kwenye paa, hayajazi bomba, na hewa inabaki imenaswa upande wa mteremko. Kila kilima kilikuwa kimenasa hewa yenye kimo cha mita 15. Hasara zinajumlishwa, hazifutani: 15 na 15 na 15 ni 45. Una mita 40 za kusukumia. Maji yatafikaje? Tulifungua valvu za hewa vileleni moja moja, kuanzia ya karibu na chanzo. Ile ya tatu ilipiga filimbi kama dakika ishirini, halafu ikatema povu, halafu maji. Jioni tangi likaanza kujaa.

Kwenye kupima ni hatari zaidi. Hewa inabanwa kama springi. Bomba likipasuka likiwa na maji matupu presha inaisha papo hapo. Likiwa na hewa, ile springi inafunguka na kurusha vitu. Na ile hesabu ya mita kwa bar inaharibika, kwa sababu inadhani una maji kuanzia juu hadi chini.

Injinia_Mstaafu

Nakazia. Kwenye bomba la mafuta tunajaza maji nyuma ya pigi, yaani kizibo kinachosukumwa ndani ya bomba, ili hewa isukumwe mbele. Ila pigi likivuka kilele, uzito wa maji nyuma yake unalikimbiza mteremko mzima, na kileleni panabaki pengo tupu. Dawa ni kubana valvu ya mwisho ili hewa iliyo mbele ya pigi ilizuie. Mteremko wa mita 180 unataka kizuizi cha karibu bar 18 pigi likifika chini. Wengi wanaogopa namba hiyo, wanaliachia. Halafu wanashangaa wanavyopampu maji mengi na geji haipandi.

Kontrakta_wa_Kanda

Nimesoma yote mara mbili. Nakiri kwamba kuna mabomba ya chuma niliyopima kwa namba ya chini tu. Mzee, kwa lililokwisha kabidhiwa mtu afanye nini?

Injinia_Mstaafu

Tafuta chati na profaili, piga hesabu ya kilele. Ukikuta pungufu, mwandikie mwenye bomba namba halisi ya kileleni, ili ama ashushe presha ya kazi ama apime tena. Usikae nayo moyoni.

Kontrakta_wa_Kanda

Nimekuelewa mzee. Faili la kwanza nalitoa kesho.

Kijana_wa_Pampu

Wakuu, naleta mrejesho baada ya siku tisa.

Tulitembea njia yote na sevea. Juu hakuna kilima kinachozidi tangi. Ila kilomita 1.4 kutoka kwenye pampu kuna korongo, na sakafu yake iko mita 19 chini ya nyumba ya pampu. Kwenye mchoro halipo kabisa, limekaa katikati ya nukta mbili kama alivyosema Sevea_Mzoefu. Chini yake kuna valvu ya kuoshea bomba. Nikafuta tope kwa kitambaa, nikasoma: PN16.

Nilirudi nikapiga hesabu taratibu. Pampu ikifanya kazi, pale kwenye pampu ni bar 16, korongoni ni karibu 17.9. Yaani hata bila kupima, siku ya kawaida tu ya kazi, valvu ile ingekuwa inabeba zaidi ya ilivyoandikiwa. Nikampelekea mhandisi mshauri karatasi. Aliitazama muda mrefu, akapiga simu mbele yangu. Imeletwa ya PN25, imefungwa jana.

Leo tumepima. Korongoni mara 1.5 ya 17.9 ni 26.8, kwa hiyo geji ya pampu niliiweka isome 25.0. Pampu yenyewe tuliitenga kwa bamba, mtaro ulikuwa mtupu na nilimweka mlinzi pande zote mbili. Geji ya pili iliwekwa kwenye tangi, na FundiMtaro aliniambia nisimwambie anayeisoma namba niliyotarajia. Nikampigia simu: "Inasoma ngapi?" Akasema, "Kumi na mbili nukta sita."

25.0 kutoa 12.6 ni 12.4. Mita 126.

Tumekaa saa zote, haikushuka.